Gharama ya kusomea urubani binafsi: pesa huishia wapi

Mtu anayetaka kujifunza kurusha ndege huanza kwa kuuliza saa moja ni bei gani. Swali ni la haki, lakini jibu lake likisimama peke yake humpotosha. Shule mbili zinaweza kutoza bei ileile kwa saa, na bado mwanafunzi wa moja akafika kwenye leseni kwa saa 50 na wa pili kwa 80. Swali la kuuliza ni hili: wanafunzi wenu watano wa mwisho walimaliza kwa saa ngapi, na kwa miezi mingapi? Shule inayofuatilia kazi yake ina majibu hayo kwenye madaftari. Isiyokuwa nayo itakuonyesha ndege mpya na dashibodi yenye skrini kubwa.

Tuanze na namba za kisheria, kwa sababu ndizo zinazoandikwa kwenye matangazo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka angalau saa 40 za kuruka kwa leseni ya rubani binafsi wa ndege, au 35 ikiwa mafunzo yanafuata mtaala ulioidhinishwa. Marekani wanatumia hizo hizo. Ulaya wanataka 45, kati yake 25 ukiwa na mwalimu na 10 peke yako. Ndani ya zile saa 10 za peke yako lazima 5 ziwe za safari za masafa, na mojawapo ya safari hizo ifike kilomita 270, ukitua hadi kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Hizo zote ni sakafu. Wanafunzi wa kawaida, wenye kazi na familia, humaliza kati ya saa 55 na 70, na si kwa sababu ni wazito. Kwa hiyo bajeti ya kweli hupatikana kwa kuzidisha bei ya saa kwa 65, kisha kuongeza sehemu ya kumi kwa yale yasiyo ya angani: daktari, mitihani, vitabu, ada za leseni. Anayepiga hesabu kwa saa 40 huishiwa pesa katikati, husimama miezi mitatu kukusanya nyingine, na akirudi mikono imesahau. Hapo ndipo 65 hugeuka 80.

Saa yenyewe inapimwaje? Ndege nyingi za mafunzo zina vipimo viwili. Kipima saa cha Hobbs huhesabu dakika zote ambazo injini iko hai, hata ukiwa umesimama unasubiri ruhusa. Kipima saa kilicho ndani ya takometa huhesabu kwa mizunguko ya injini: kwenye nguvu za safari huenda sambamba na saa ya ukutani, lakini injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika hesabu yake huwa chini ya nusu. Somo moja linaweza kusoma 1.3 kwenye Hobbs na 1.1 kwenye takometa. Kwa masomo 50 hiyo tofauti ndogo ni saa 10 nzima. Uliza unatozwa kwa kipimo kipi, na kama bei imejumuisha mafuta au mafuta yanalipwa pembeni. Bei isiyo na mafuta huonekana nafuu mpaka siku ya kulipa. Uliza pia kama mwalimu anatoza muda wa darasani kabla na baada ya kuruka. Akitoza, mlipe kwa moyo mweupe. Dakika 20 za ubao ardhini ni rahisi mno kuliko dakika 20 za kuelezwa jambo lilelile injini ikinguruma.

Uwanja nao una gharama isiyoandikwa kwenye orodha ya bei. Kwenye uwanja wenye ndege kubwa utatambaa mbali hadi njia ya kurukia, utasubiri foleni, na ukiwa kwenye mzunguko, yaani ile njia ya kupaa, kuzunguka uwanja na kurudi kutua, mwongozaji wa mnara atakusogeza mbali ili ndege ya abiria itue kwanza. Mzunguko mmoja kwenye uwanja tulivu huchukua kama dakika 6, hivyo saa moja hutoa miguso 8 hadi 10 ya magurudumu. Kwenye uwanja wenye msongamano unaweza kupata 5, na kila mguso ukawa na ada yake. Faida ya uwanja mkubwa ni redio: mwanafunzi wa pale haogopi kuzungumza na mnara. Mimi ningechagua uwanja tulivu kwa saa 20 za mwanzo, halafu niruke kwenda ule mkubwa mara nne au tano kwa makusudi.

Kuhusu aina ya ndege, mafuta ndiyo yanayotenganisha bei. Cessna 152, yenye viti viwili na injini ya Lycoming ya nguvu farasi 110, hunywa kama lita 23 kwa saa. Cessna 172 ya viti vinne hunywa kati ya lita 30 na 38 kutegemea injini na jinsi unavyopunguza mafuta kwenye mchanganyiko wake na hewa. Ndege nyepesi zenye injini ya Rotax 912 hunywa karibu lita 17, na nyingi zinakubali petroli ya magari badala ya petroli ya ndege yenye madini ya risasi. Kwa mafunzo viti viwili vinatosha. Lakini pima uzito kabla ya kushangilia. Cessna 152 hairuhusiwi kupaa ikiwa na zaidi ya kilo 757. Ikiwa tupu ina kama 515. Zinabaki 242. Jaza tangi la kawaida, lita 93 zinazotumika, kwa uzito wa 0.72 kwa lita, umemaliza kilo 67. Zimebaki 175 kwa watu wawili, vitabu na mkoba. Mwanafunzi wa kilo 95 na mwalimu wa 85 hawawezi kupaa na tangi lililojaa. Watapaa na nusu, ambayo inatosha kwa somo la saa moja lakini si kwa safari ndefu. Kwa ndege nyepesi za Rotax, hakikisha pia kwamba saa utakazoruka zinahesabiwa kwenye leseni unayoitafuta, maana baadhi yake ziko kwenye daraja tofauti la sheria.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa uzoefu wetu tuliokaa muda mrefu kwenye kazi hii, linakula pesa kuliko bei yoyote: nafasi kati ya somo na somo. Mwanafunzi anayeruka mara moja kwa wiki hutumia dakika 15 hadi 20 za mwanzo akirudi pale alipoachia. Anayeruka mara moja kwa wiki mbili hutumia karibu nusu ya somo. Huyu anadhani anaokoa kwa sababu anatoa pesa kidogo kila mwezi, kumbe analipia kitu kimoja mara mbili. Mara mbili au tatu kwa wiki ndiyo kasi inayofaa. Zaidi ya hapo akili hujaa kabla mikono haijashika. Na kwa kuwa hali ya hewa na mafundi watakunyang'anya nafasi, weka miadi mitatu ili upate safari mbili. Ushauri unaouma lakini unaookoa: kama pesa uliyonayo inatosha saa 20 tu, usianze. Subiri, kusanya, soma nadharia kipindi hicho, halafu anza ukiwa na angalau theluthi mbili ya jumla yote mkononi.

Kubadilisha mwalimu nako kuna bei. Mwalimu mpya hawezi kukuachia ndege peke yako kwa maneno ya mwenzake. Atataka kuona kila kitu mwenyewe, na hiyo ni saa 2 au 3. Walimu vijana wengi wanakusanya saa zao wenyewe ili waajiriwe na mashirika ya ndege. Muulize wazi, bila aibu, kama anatarajia kuwepo miezi sita ijayo. Uliza pia shule ina ndege ngapi za aina moja. Injini hubadilishwa oili kila saa 50 na hukaguliwa kwa kina kila 100. Shule yenye ndege moja husimama nzima siku ya ukaguzi, na fundi akikuta silinda yenye ufa, siku hugeuka wiki.

Mpangilio wa mambo una thamani ya pesa taslimu. Daktari kwanza. Cheti cha afya cha daraja la pili ndicho cha kawaida kwa rubani binafsi, na Marekani wana daraja lao la tatu. Utapimwa macho, uwezo wa kutofautisha rangi, masikio, shinikizo la damu na mkojo. Kuna watu wamelipia saa 15, wakakaribia kuruka peke yao, ndipo wakaenda kwa daktari na kukuta tatizo linalohitaji miezi ya barua na vipimo. Ruka mara moja ya majaribio ujue kama unapenda, kisha nenda kwa daktari kabla ya kulipa kingine. Nadharia ifuate mara moja. Mtu aliyekwisha kufaulu karatasi ya mtihani ya hali ya hewa na ya urambazaji huhitaji maelezo mafupi tu; asiyesoma hulipia mwalimu amsomee kitabu. Ila angalia muda: Ulaya karatasi 9 lazima zikamilike ndani ya miezi 18 tangu ulipofanya ya kwanza, na zikikamilika zina miezi 24 ya kukufikisha kwenye leseni. Anayewahi mno kisha akalala, atazirudia.

Kuna mahali ambapo karibu kila mwanafunzi hukwama, nako ni kutua. Ataendelea vizuri mpaka saa ya 10 au 12, kisha kwa masomo manne au matano ndege itamkatalia: mara inaelea nusu ya njia, mara inadunda. Wengi hununua saa 6 au 8 za mizunguko wakirudia kosa lilelile kwa bidii. Sababu kwa kawaida ni mbili. Ya kwanza ni mwendo. Cessna 172 inakuja kutua kwa noti kama 65, noti ikiwa ni kipimo cha mwendo wa ndege. Mwanafunzi mwenye wasiwasi huja na 75, akiona ni usalama. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba, hivyo noti 10 hizo ni ziada ya theluthi nzima ya nishati, na yote lazima iishe kabla ndege haijakubali kukaa. Ndiyo maana inaelea, na akiilazimisha inadunda. Ya pili ni macho: anatazama lami iliyo mbele ya pua badala ya mwisho wa njia, kwa hiyo hajui yuko juu kiasi gani. Dawa si mizunguko zaidi. Dawa ni somo moja juu kwenye anga tupu, mkiruka polepole karibu na kasi ya kupoteza mnyanyuko, mpaka mkono ujue usukani unavyolegea na pua inavyotaka kuanguka. Baada ya hapo, rudi kwenye mzunguko kwa dakika 50, si zaidi. Baada ya kutua mara 7 au 8 mtu huwa amechoka na kila mguso unaofuata unamfundisha vibaya.

Mazoezi ya bure kabisa yapo, na watu huyadharau. Kaa kwenye kiti nyumbani, fumba macho, pitia somo la kesho kwa sauti: wenzo wa nguvu za injini unaelekea wapi, mwendo gani, unasema nini redioni, unaangalia nini. Fanya hivyo dakika 20 kabla ya kila somo. Orodha ya ukaguzi ikariri kwa mpangilio wa mikono, kisha bado uisome ukiwa ndani ya ndege. Mwanafunzi anayetafuta swichi injini ikiwa hai anatafuta kwa bei ya saa ya ndege. Muda wa maandalizi ukipungua kwa dakika 6 tu kila somo, kwenye masomo 50 umeokoa saa 5.

Na hili la plagi, zile zinazotoa cheche ndani ya injini, linastahili aya yake. Petroli ya ndege ya kawaida ina risasi, na injini ikinguruma polepole ardhini na mchanganyiko mzito wa mafuta, risasi hiyo huganda kwenye plagi. Unafika mwisho wa njia, unajaribu magneto, vile vifaa viwili vinavyozipa plagi umeme, kwenye Cessna 152 ni kwa mizunguko 1,700 kwa dakika, na badala ya kushuka kwa mizunguko isiyozidi 125 injini inashuka kwa 200 na kutetemeka. Ukijaribu kuchoma uchafu kwa nguvu kubwa na mchanganyiko mwembamba kwa dakika moja, huenda ikapona. Isipopona unarudi kwa fundi, na Hobbs imekwisha kula 0.4 bila wewe kupaa. Muombe mwalimu akufundishe siku ya kwanza kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko mara tu injini inapotulia ardhini, kwa kiwango ambacho ukiongeza nguvu bila kuurudisha injini itakwama. Hivyo huwezi kusahau na kupaa na mchanganyiko mwembamba.

Vifaa havistahili pesa nyingi mwanzoni. Visikizio vyako mwenyewe, ndiyo, kwa sababu vya kuazima huwa na maikrofoni mbovu na povu lililochakaa, na mwanafunzi asiyesikia mnara anarudia kila kitu. Jozi ya kawaida isiyo na betri, hata iliyotumika, itakuvusha hadi leseni. Ramani ya sasa, rula, protrakta, kikokotoo cha duara cha urambazaji, daftari la saa. Basi. Kifaa cha kuonyesha njia kwa setilaiti kisubiri. Kwanza hutaruhusiwa kukitegemea katika sehemu kubwa ya mafunzo, pili hukuzuia kujifunza kutazama nje.

Soma mkataba wa bima kabla ya kuruka peke yako, hasa kile kiasi cha hasara unachobeba mwenyewe kabla bima haijalipa. Propela ikigusa lami, hata kidogo, injini kwa kawaida hufunguliwa na kukaguliwa ndani, na bili hiyo hupita kiasi hicho bila shida. Jua kama ni cha shule au chako.

Malipo ya mkupuo nayaogopa. Punguzo la asilimia 5 au 10 linavutia, lakini shule za urubani huishi kwa faida nyembamba, na inapofungwa mlango, mwanafunzi aliyelipa yote husimama kwenye foleni ya wadai nyuma ya benki. Weka akiba ya masomo matatu au manne kwenye akaunti ya shule, ujaze inapopungua. Kama lazima ununue kifurushi, pata kwa maandishi: saa ngapi, kwa kipimo kipi, mtihani umo au haumo, na ukiacha katikati unarudishiwa nini. Vifurushi vingi hujengwa juu ya saa za chini za kisheria, na kila saa ya ziada hutozwa bei kamili.

Mtihani wa kuruka una ada ya mtahini, kodi ya ndege kwa saa 2 hivi, na mara nyingine safari ya kumfuata mtahini alipo. Kinachowaangusha watu kabla hata ya injini kuwaka ni karatasi: saini iliyokosekana daftarini, safari ya masafa iliyopungua kilomita 5, cheti cha afya kilichokwisha muda. Wiki mbili kabla, kaa na mwalimu mwingine, si wako, apitie daftari mstari kwa mstari, kisha akupe mtihani wa majaribio angani. Kona kali za nyuzi 45 bila kupoteza futi zaidi ya 100, kutua kwa dharura injini ikiwa imepunguzwa, kubadilisha njia katikati ya safari. Saa hizo 1.5 za majaribio ni nafuu kuliko kurudia. Ukifeli kipengele kimoja mara nyingi utarudia hicho tu, lakini utalipa tena mtahini, ndege, na somo la kurekebisha.

Halafu weka pesa ya mwaka wa kwanza wa leseni kwenye bajeti ileile. Kubeba abiria, sheria za nchi nyingi zinataka uwe umepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Marekani wanataka mapitio na mwalimu kila miezi 24, saa 1 ya darasani na 1 angani. Ulaya wanataka saa 12 katika mwaka wa mwisho wa kipindi cha miaka miwili, mojawapo ikiwa na mwalimu. Saa 1 kwa mwezi ndiyo kiwango cha chini ambacho mikono hubaki na kumbukumbu.

Wengi hapo hufikiria kununua hisa ya ndege pamoja na wenzao. Inalipa ikiwa mfuko wa injini unawekwa tangu saa ya kwanza: Lycoming nyingi za mafunzo zina muda wa saa 2,000 kabla ya kufumuliwa na kujengwa upya, kwa hiyo gawanya bei ya kazi hiyo kwa 2,000, na kila mshirika alipe kiasi hicho kwa kila saa anayoruka. Kikundi kisichofanya hivyo huonekana cha bei nafuu hadi siku injini inapochoka, na aliyejiunga mwezi uliopita hujikuta analipia saa 1,900 alizoruka mwingine. Kabla ya kutoa pesa ya hisa, omba kuona daftari la injini na salio la mfuko siku hiyo hiyo, ukilinganisha saa zilizotumika na pesa iliyopo benki.